Mke Mdogo wa Kwenye Kompyuta

Mume wangu hajawahi kuiona kompyuta yake. Anaijua kwa vidole. Anajua pembe iliyomeguka siku ilipoanguka, anajua kitufe cha nafasi kinachonata, anajua feni inavyokoroma mashine ikishapata joto. Ilipoingia nyumbani kwetu macho yake yalikuwa yameshafunga. Wateja wanamwita Mzee Chapa, maana tangu ujana kazi yake ni kupiga chapa, kwanza kwa taipureta kwenye ofisi ya mwanasheria mmoja, na sasa sebuleni kwetu, kwenye meza ambayo zamani tulikuwa tunalia chakula. Siku hizi tunakula sahani ikiwa mapajani.

Presha ya macho ndiyo iliyomla. Haikuuma wala haikupiga hodi. Ilianza pembeni, akawa anagonga fremu za milango, ikaja mpaka katikati. Mwanasheria alipoona hati zinatoka na makosa alimshukuru kwa utumishi mrefu, akamuaga kwa saa ya ukutani. Saa ya ukutani, kipofu. Mpaka leo nikiitazama nachemka. Mwenyewe alicheka, akasema si haba, angalau inagonga. Ndivyo alivyo huyu mzee. Nyumba hii hasira ni zangu, yeye kazi yake kunipooza.

Vidole vilibaki vizima. Mpiga chapa wa kweli haangalii vitufe, kwa hiyo kuandika hakukumshinda. Watu wakaanza kumletea vikao vyao vilivyorekodiwa kwenye simu na kwenye flashi: vikao vya ushirika, vya wazazi wa shule, mahojiano ya wanafunzi wa chuo. Anaweka kidude sikioni, anasikiliza, anaandika. Shida ilikuwa kujua alichoandika. Kuna siku mkono wake wa kulia ulikaa kitufe kimoja pembeni, naye hana habari. Aliandika mchana kutwa. Niliporudi jioni nikakuta kurasa na kurasa za takataka, herufi zimekaa kama mtu aliyezimwaga kutoka kwenye gunia. Nilimwambia. Alikunja tu vidole.

Basi nikawa macho yake. Mimi nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka yanakuja kwenye mikokoteni, unayakung'uta kwanza maana huwezi kujua kuna nini ndani, sindano, kijiko, meno ya bandia ya watu. Unafua, unakamua, unapitisha kwenye pasi ile kubwa ya kusukuma kwa mguu. Zamu ikiisha miguu imevimba mpaka viatu vinakataa kutoka. Narudi hivyo, nakaa kwenye kiti cha mbao karibu na mume wangu, nasoma alichoandika neno kwa neno, yeye anasahihisha. Nasoma huku nasinzia, naruka mistari. "Hapo umeruka," anasema. Haoni, lakini amejua. Nami namjibu kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa. Tuligombana sana miaka ile, na sababu kubwa ilikuwa koma na nukta.

Aliyetuokoa ni mpwa wake, binti wa dada yake, aliyekuja kukaa nasi likizo moja akiwa bado anasomea kompyuta. Alituangalia tukirushiana maneno, akavumilia, mwisho akasema, "Mama, mimi nitakutoa kwenye hicho kiti." Ananiita mama, ingawa mimi ni mke wa mjomba wake tu.

Akatengeneza programu ndogo. Mjomba wake akibonyeza herufi, kompyuta inaitaja. Akimaliza neno, kama inalo inalisema zima, kama hainalo inalitaja herufi kwa herufi. Akihama kitufe kimoja tu, atasikia papo hapo. Ila ilihitaji sauti ya mtu. Binti akauliza tuweke ya nani.

"Weka ya mke wangu," mume wangu akasema. "Hiyo nimeshaizoea kunikosoa."

Tukarekodi chumbani. Mablanketi dirishani, godoro tumelisimamisha mlangoni kuzuia kelele za nje, simu juu ya mto, mimi nimepiga magoti mbele yake kama naungama. Nilianza na herufi, a, be, che, nikaenda kwenye tarakimu, halafu maneno ambayo binti aliyachota kwenye kazi za zamani za mjomba wake, yale yanayojirudia. Mkutano. Mwenyekiti. Katibu. Ajenda. Yatokanayo. Mengineyo. Sikuwa najua kwamba nina sauti. Siku zile nilikuwa nimepewa likizo, nimelala vizuri, nimekula vizuri, na kila neno lilitoka limenyooka.

Mume wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameambiwa asikohoe hata kidogo. Alitii, mpaka nilipofika kwenye neno "akidi", ile idadi ya watu wanaotakiwa kuwepo ndipo kikao kianze. Nikalisema. Naye akanong'ona, "Imetimia. Mke, mume na godoro." Nikacheka, kicheko kikaingia juu ya mkia wa neno. Binti akataka turudie. Mume wangu akakataa katakata. "Liache hivyo hivyo," alisema. Basi tangu siku ile, kila kamati ya watu ikitimiza akidi, mimi nilikuwa nacheka sebuleni kwangu.

Programu ile tuliipa jina la mke mdogo. Mimi ndiye niliyeanza, kwa utani. Nilimwambia, mzee, umeoa tena, na huyu hapiki wala hafui, kazi yake kukaa na wewe kutwa. Yeye akajibu kwamba mke mdogo ana adabu, hanuni. Jirani wa ukuta mmoja alidhani nimeacha kazi, maana anasikia sauti yangu tangu asubuhi, katibu, katibu, mwenyekiti. Alikuja kunipa pole kwa kuwa na mume asiyesikia mpaka aambiwe mara mia.

Sijui kama umewahi kurudi nyumbani ukakuta umeshafika, unafanya kazi, nawe una ruhusa ya kwenda kulala. Mimi nilikuwa napata hiyo raha kila jioni. Nafungua mlango, najisikia sebuleni nikitaja herufi, navua viatu, nampa mzee salamu, napita moja kwa moja kitandani. Kuna watu wana dada wa kazi, wana dereva. Mimi nilikuwa na mke mdogo, na sikutaka kingine.

Sasa niseme habari za shemeji.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni mlinzi kwenye ghala la rangi. Ukoo mzima unamwita Bure, hata watoto wake mwenyewe. Akisikia kitu kinagawiwa bila malipo, masikio yanasimama. Ana kalenda za makampuni ambayo mwenyewe hajui yanauza nini. Siku walipogawa dawa ya minyoo shuleni kwa watoto wake, naye alipanga foleni. Lakini ana moyo mweupe, na kaka yake anampenda kama mboni ya jicho, ingawa mboni zenyewe ndiyo hizo.

Alianza kuingia kwenye kompyuta yetu kwa sababu ya flashi. Flashi za wateja zinatembea kuliko umbea. Imetoka chuoni, imepita kwa mtu wa fotokopi, imelala kwa mchumba, ndipo inaletwa kwetu na kila uchafu iliouokota njiani. Mwanafunzi mmoja alileta yake, na siku ileile kazi zote za mume wangu zikageuka vivuli: jina la faili lipo, ukilifungua hakuna kitu. Shemeji akaja na antivairasi ya bure, akaiweka, ikakagua, ikatoa virusi, na kazi zikarudi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alimfundisha na kaka yake kwamba flashi yoyote ya mgeni ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Maneno ya akili kabisa.

Kama angeishia hapo nisingekuwa na la kusema. Lakini programu ile ilikuwa ya bure, na alipogundua kwamba ziko nyingine nyingi za bure, akili ikamruka. Wiki iliyofuata akaleta ya pili.

"Iliyopo ina kasoro gani?" nikamuuliza.

"Haina kasoro, shemeji. Lakini mlinzi mmoja akisinzia, mwenzake yuko macho. Mimi hii ndiyo kazi yangu."

Akaleta na kile alichokiita kifagio, programu ya kufagia mafaili mabaki. Bure. Akaleta ya kuzuia matangazo, bure, ambayo nayo ilikuwa na matangazo. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na walisema bila kuiona kompyuta yetu. Zile antivairasi mbili zikaanza kukaguana. Kila moja ilimwona mwenzake mwizi, maana wote wawili wanachungulia kila kitu. Mashine ikawa nzito kama imekula chokaa. Mume wangu anaandika "mkutano", mke mdogo bado yuko kwenye "m". Halafu vidirisha vya kumhimiza anunue ya kulipia vinaruka katikati ya kazi, yeye havioni, anaendelea kuandika, na maneno yote yanamwagikia humo na kupotea.

Na haya yalikuja wakati mbaya. Katibu wa chama cha ushirika alikuwa ameshaleta rekodi ya mkutano mkuu wa mwaka, kazi kubwa kuliko zote. Ni mtu mkavu, hana utani. Wakati wenzake wanasema kazi ya chama haiwezi kupewa kipofu, yeye ndiye aliyesema mpeni, na kila mwaka mume wangu anamlipa kwa kutokosea. Safari hii katibu alisema wazi kwamba kuna ofisi mjini ina vijana na mashine mpya, na kamati inamsukuma apeleke huko. Mzee Chapa akikosa, basi. Mume wangu hakuniambia hayo kwa maneno mengi. Aliniambia, "Hii ikinishinda, nitakuwa mtu wa kukaa tu." Nilimwelewa. Wanaume wa kukaa tu tunawajua, wanamalizika wakiwa hai.

Jumapili shemeji akaja kurekebisha. Mimi nilikuwa jikoni nafua sare yangu ya kazi, maana fundi seremala kwake kigoda hakuna, na mfuaji wa hospitali sare yake inafuliwa mwisho. Sebule na jikoni kwetu vinatenganishwa na pazia tu, kila neno linasikika. Shemeji alitoa antivairasi moja, akabakiza moja, na mashine ikapumua. Angenyanyuka hapo tungempa chai na shukrani. Akasema ngoja aikague kwa kina, mpaka uvunguni. Ikakagua mpaka chai ikapoa.

"Kaka," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mlinzi aliyeona kivuli ukutani. "Kuna jasusi humu."

"Jasusi gani?"

"Inasema kuna kitu kinasikiliza kila kitufe unachobonyeza. Kila herufi. Na kinaamka chenyewe ukiwasha mashine."

Mume wangu akauliza, "Tangu lini?"

"Miaka, kaka. Kina miaka humu."

"Kina jina?"

"Kinaitwa Jaribio la Tatu."

"Mimi sina jaribio la tatu wala la kwanza," mume wangu akasema, na hasira yake niliisikia, yeye ambaye hana hasira. "Siri za wateja wote hizi. Vikao vya watu. Kifute."

Mimi na povu mikononi nikaona aibu, kama mtu aliyeambiwa kuna mgeni amekaa sebuleni kwake miaka yote anasikiliza ugomvi wa ndani. Shemeji akafuta. Kwa kuwa alikuwa na ari, akapitisha na kifagio kuondoa mabaki yote yaliyokosa mwenyewe. Akasema sasa kaka, jaribu.

Nikasikia vitufe. Ta, ta, ta. Vitufe vitupu.

"Spika umezima?" mume wangu akauliza.

Shemeji akaangalia spika. Akaangalia waya. Akazima mashine, akaiwasha. Ikapiga ule muziki wake wa kuamka, kwa hiyo spika nzima. Mume wangu akaandika tena. Nilitoka jikoni, nikasimama kwenye pazia. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama anamsikiliza mtu wa mbali, halafu akainua mikono yote miwili kutoka kwenye vitufe, taratibu, akaiweka mapajani.

"Nani anayesikiliza kila herufi ninayobonyeza?" akasema. "Nani anayeamka mwenyewe nikiwasha? Bure, mdogo wangu, tumemfukuza mke mdogo."

Shemeji akatafuta pa kukaa. Mimi ningesema mengi, na kinywa changu kilikuwa kimeshafunguka, lakini nikaona jinsi yule bwana mkubwa mwenye buti za ulinzi alivyoshika kofia yake kwa mikono miwili. Nikarudi kufua.

Kesho yake jioni nikakikuta kiti cha mbao mahali pake pa zamani, karibu na meza. Hakuna aliyeniambia nikae. Nikakaa. Nilikuwa nimetoka kusukuma pasi, mwenzangu mmoja akiwa mgonjwa, nimefanya sehemu yangu na yake. Nikasoma. "Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuhudhuria." Nikasoma mpaka maneno yakawa yanaogelea. "Umeruka," akasema. Nikamwambia asome mwenyewe. Neno likishatoka halirudi, nami nilijua limemwingia wapi. Nikaomba radhi, nikaanza mstari upya. Hivyo hivyo kila jioni. Kazini nilianza kusinzia nimesimama, na kwenye pasi ile kusinzia ni kuacha mkono. Msimamizi alinihamishia kwenye kukunja. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kuchukia nilishindwa, na mimi kuchukia ni kipaji changu.

Shemeji alikuja na dawa nyingine, ya bure bila shaka: programu ya kuwasomea wasioona kila kilichoko kwenye kioo. Mpwa alishawahi kuisifia, na kusema kweli ina uwezo kuliko ile yetu, inasoma mpaka barua pepe. Ila sauti yake ni ya mtambo wa ugenini. Inatamka Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Mume wangu akaisikiliza kidogo, akaizima. "Huyu simwelewi," akasema. "Na yeye hanielewi."

Ikabidi tumpigie mpwa. Siku hizi anafanya kazi mbali, saa zake na zetu hazipatani, na kumpata mpaka bahati. Alipoelewa kilichotokea alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

"Mjomba Bure yupo hapo? Mweke kwenye spika. Mjomba, lindo jipya ukianza, siku ya kwanza wanakufanyia nini?"

"Wananipitisha nyumba nzima," shemeji akasema. "Wananionyesha wenyeji, huyu mpishi, huyu dereva, nisije nikawakamata usiku."

"Na antivairasi uliionyesha wenyeji?"

Shemeji akavua kofia.

"Ina mahali pa kuiambia, hii ni yetu, iache. Yenyewe haijui mke mdogo ni nani. Inaona kitu kinasikiliza vitufe, inapiga filimbi. Imefanya kazi yake." Binti akasema pia kwamba zana hizi haziui papo hapo, zinafunga kwanza, kuna chumba cha karantini. Akamwelekeza shemeji hatua kwa hatua, na kweli, Jaribio la Tatu, jina alilolipa binti akiwa bado anaitengeneza, lilikuwa limekaa humo ndani salama salimini, linasubiri. Likatolewa. Likaandikwa kwenye orodha ya wenyeji. Mume wangu alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Akabonyeza herufi. Kimya.

Programu ilikuwa imerudi, sauti ndiyo haikuwepo. Kile kifagio kilizikuta sauti zangu, vifaili vidogo vidogo vingi visivyo na mwenyewe, kikazizoa zote. Binti naye nakala yake ilikufa na kompyuta yake ya chuo. Shemeji akaleta programu ya kufufua vilivyofutwa, msiniulize kama ilikuwa ya bure, ikarudisha vipande vinavyolia kama mafuta kwenye kikaango. Nilisikiliza kimoja. Hata mimi sikujijua.

"Basi turekodi upya," binti akasema kwenye simu. "Mama, maneno ni yale yale. Ukimaliza, safari hii nakala tunaziweka sehemu mbili."

Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, siku niliyokuwa nimepanga nilale mpaka jua linikute. Tukatundika mablanketi dirishani. Shemeji akasimamisha godoro mlangoni, akabaki upande wa nje kulinda kimya, na kwa hilo nampa sifa, hakuna hata inzi aliyepita. Nikapiga magoti mbele ya mto. Magoti yakalia. A, be, che. Nikamaliza herufi, nikamaliza tarakimu. Mkutano. Mwenyekiti. Yatokanayo. Mume wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, mahali pale pale.

Nikafika kwenye akidi. Nikalisema, nikasubiri, maana nilijua anakuja. Naye akanong'ona, "Imetimia. Mke, mume na godoro."

Nilitaka kucheka. Nakuapia nilitaka. Kilichotoka ni pumzi tu, kama mtu anayepuliza chai.

"Tusikilize yaliyopo," akasema.

Nikamwekea rekodi. Herufi zote, tarakimu zote, maneno yote. Akasikiliza mpaka mwisho bila kugusa kitu. Akasema nirudie. Nikarudia. Nikadhani anatafuta makosa, nikaanza kujiandaa kugomba.

"Wewe umechoka," akasema.

"Nimekwambia hivyo kila siku."

"Umeniambia. Nikawa sikuamini." Alisema bila kuinua sauti. "Ukirudi jioni unanipa salamu unapita. Maneno mawili. Lakini kutwa nzima niko na wewe, unanisemesha, unanichekea. Nikajua mke wangu mzima, ni mvivu wa kuongea tu. Sura yako siioni. Sauti niliyokuwa naiona ni ile." Akanyoosha mkono, akakosa bega, akapata kichwa changu. "Umechoka hivi tangu lini?"

Tangu lini, nani anajua. Uchovu haukuandikii tarehe. Nikalia, na nalisema waziwazi kwa sababu mimi si mtu wa kulia. Nililia pale chini, uso wangu kwenye mto wa kurekodia. Mume wangu hakusema nyamaza. Alikaa na mkono wake kichwani kwangu, na huko nje shemeji akakohoa kidogo, kuonyesha kwamba yupo na kwamba hasikii.

Halafu mume wangu akasimama, akapapasa mpaka kwenye godoro, akaligonga. "Bure. Rudisha godoro kitandani."

"Hatujamaliza," nikasema. "Bado maneno mengi."

"Tumemaliza. Bure, niwekee yule mwenye kiazi mdomoni."

"Si umesema humwelewi?"

"Nitamzoea. Wewe pia nilikuzoea."

Shemeji alirudisha godoro, akatandika mwenyewe, akakunja na pembe za shuka kwa mikono ile ya lindo. Nikalala mchana, mlango wazi. Kutoka sebuleni ile sauti ya ugenini ikaanza kumsomea mkutano mkuu wa mwaka. Mwenyekiti aliitwa kitu ambacho sikukielewa. Mume wangu akaisimamisha, akaijaribu tena, akauliza shemeji imesema nini, wakabishana, wakaendelea. Walikwenda mwendo wa kinyonga. Siku ile na zilizofuata walikwenda hivyo hivyo, na katibu alipokuja alikuta kazi imekamilika, akapitia kurasa pale pale amesimama, akaona makosa mawili matatu ambayo zamani hayakuwepo. Aliguna. Akaichukua. Mwaka ujao sijui, tutajua mwaka ujao.

Lakini nilikuwa nasema habari ya mchana ule. Nilikuwa nimeshaanza kuzama niliposikia mtambo ukitaja neno ambalo kwa kiazi chake lilitoka kama chafya. Vitufe vikanyamaza. Nilijua ni neno gani, na nilijua ameachia vidole juu yake anasubiri kile kicheko ambacho hakipo tena mahali popote.

"Mama," mume wangu akaita taratibu, asije akaniamsha kama nimelala. "Akidi imetimia?"

Sikucheka, sikuwa na nguvu hizo. "Imetimia," nikamjibu. "Andika." Nikageukia ukutani nikalala.